Je, Ni Dhambi Kumlilia Mbwa?

Masomo ya kusoma nyumbani: Mithali 12:10, 2 Samweli 12:1–7, Luka 16:19–21, Warumi 8:19–22



Mchungaji aliniomba niandike haya baada ya kunisikia nikitoa ushuhuda katika ushirika wetu wa nyumbani wa Jumatano. Nilimwambia, "Mchungaji, watu watanicheka." Akanijibu, "Waache wacheke kwanza, halafu wasome." Basi nimeandika. Ukitaka kucheka, cheka, lakini usiishie hapo.

Wengi wenu mnamjua Simba. Ni yule mbwa wa rangi ya kahawia, ncha ya sikio moja imekatika, aliyekuwa akinisindikiza kuja kesha kila Ijumaa. Mimi nikiingia ndani, yeye alilala pale langoni kando ya kibanda cha mlinzi mpaka alfajiri. Tukitoka saa 11 anajinyoosha, anapiga miayo, tunarudi naye nyumbani. Mashemasi walizoea kunitania kwamba Simba amehudhuria kesha nyingi kuliko wazee fulani wa kanisa. Hakuna aliyemfundisha. Alianza mwenyewe mwaka ule mume wangu alipopata kazi ya mbali, nikawa natembea peke yangu usiku. Nafikiri aliona mtu wake anaondoka gizani, akaamua kwenda naye.

Alikaa nasi miaka 11. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikufa. Kabla ya kufa aliugua majuma kadhaa, na ni katika majuma hayo Mungu alinifundisha jambo ambalo ningetamani ningelijua mapema.

Ugonjwa ulipoingia

Mimi ni fundi cherehani. Kila mshonaji anajua Januari ni mwezi wa aina gani. Wengine mnaita Njaanuari, lakini kwangu ndio mwezi wa mavuno, kwa sababu ya sare za shule. Nakaa kwenye mashine kutoka asubuhi hadi saa 5 usiku. Watoto wangu nao wanatakiwa kurudi shule, karo inasubiri, vitabu vinasubiri. Ni mwezi ambao hata wewe mwenyewe huna nafasi ya kuugua.

Simba alichagua wakati huo. Kwanza aliacha kumaliza chakula. Halafu akaanza kunywa maji kama mtu aliyelima mchana kutwa, na kukojoa kila mara, hata ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mtoto. Nilimgombeza. Namshukuru Mungu sikumpiga, lakini nilimgombeza vikali mbele ya watoto, na yeye akainamisha kichwa akaenda nje. Hilo bado linaniuma.

Siku alipotapika mara tatu tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Jirani alikuwa amenishauri nimpe tu dawa za maumivu tunazonunua dukani. Naomba niseme hapa kwa faida ya wenye mbwa: usifanye hivyo. Daktari alituambia kwamba dawa nyingi za maumivu zinazomsaidia binadamu ni sumu kwa mbwa, na baadhi yake huharibu figo zilezile ambazo huenda tayari zinaumwa. Akamshika Simba fizi, zilikuwa nyeupe. Akanusa mdomo wake, ulikuwa na harufu kama ya mkojo. Akapima damu. Kumwona na kupima kulikula shilingi 4,500, sare tatu hivi kamili kwa hesabu yangu.

Majibu yalikuwa figo. Daktari alieleza kwamba figo ni kiungo kivumilivu sana. Zinaendelea kufanya kazi zikiwa zimechoka, na unapoona dalili kwa macho, tayari zimepoteza theluthi mbili ya uwezo wake au hata robo tatu. Kilichokufa hakirudi. Unaweza kumpunguzia taabu: maji ya dripu chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kutapika, na chakula kisichozilemea figo. Omena aliyozoea na mifupa ikome. Apewe wali na ute wa yai.

Wali, jameni. Mbwa anakula wali mwezi wa Njaanuari, na sisi tuko kwa ugali na sukuma wiki. Habari hiyo ilizunguka ploti yote kabla ya jua kuzama.

Ombi nililolificha

Jumatano iliyofuata tulikuwa na ushirika nyumbani kwa dada mmoja. Kama kawaida, kiongozi akauliza mahitaji ya maombi. Ndugu mmoja alikuwa amesimamishwa kazi. Mama mmoja, mtoto wake wa miaka 6 alikuwa amelazwa hospitalini wiki ya pili, na alikuwa amekuja kwa nusu saa tu, kutuomba tusimame naye, kisha arudi wodini. Mwingine alikuwa na kesi ya shamba.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimelia asubuhi hiyo nikiwa kwenye mashine, machozi yakaangukia kitambaa cha sare ya mtoto wa watu. Lakini ningesema nini? Nimwambie mama ambaye mtoto wake ana mpira puani kwamba mimi nina mbwa mgonjwa? Nikasema, "Niombeeni tu nguvu." Wakaniombea nguvu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimedanganya watu wa Mungu, na mzigo wangu ni uleule.

Nikaanza kujihukumu. Nilijiambia, wewe una kichaa. Kuna watu wanakufa njaa Turkana, kuna yatima katika kanisa hili hili, na wewe unampikia mbwa wali saa 4 usiku. Huu ni upendo au ni kupotoka? Je, moyo wangu umeweka kiumbe mahali pa binadamu?

Swali hilo si la kijinga. Nina sababu ya kusema hivyo.

Baba yangu na mbwa wa bwana shamba

Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu kabla ya uhuru. Kuna kisa alichotusimulia mara nyingi, na kila mara sauti yake ilibadilika. Bwana shamba alipokwenda mjini na gari lake, mbwa alikaa mbele pamoja naye, na wafanyakazi walikaa nyuma juu ya magunia, mvua inyeshe isinyeshe. Mbwa alikunywa maziwa. Wafanyakazi walipimiwa posho. Siku moja baba aliugua homa, akaomba ruhusa, akanyimwa. Wiki hiyohiyo mbwa aliumia mguu, akapelekwa kwa daktari kwa gari.

Kwa hiyo baba hakuwahi kumpenda mbwa. Alifuga kwa ajili ya ulinzi, akamfunga mnyororo, akamtupia makombo. Ukimwona mtu anambembeleza mbwa, alisema, mwangalie vizuri anavyowatendea watu wake.

Nadhani wazee wengi wa Kenya wanamwelewa baba yangu. Hata leo kuna mageti yaliyoandikwa "Mbwa Kali" ambapo mbwa anakula nyama na kijakazi analala na njaa. Tunapokunja uso tukisikia mtu anamtibu mbwa, tunakumbuka kitu cha kweli ambacho watu wetu walitendewa. Ni haki tukikumbuke.

Lakini nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimeshika chupa ya dripu, na nimeona hivi. Kosa la yule bwana shamba lilikuwa wapi? Je, lilikuwa katika kumpeleka mbwa aliyeumia kwa daktari? Hapana. Kosa lilikuwa katika kumnyima baba yangu ruhusa. Kama angempiga teke yule mbwa, baba yangu asingepata nafuu. Ukatili kwa mnyama haumwongezei binadamu heshima hata kidogo. Ubaya wa yule mtu ni kwamba alijua huruma ni nini, aliiweza, kisha akachagua nani asiipate.

Historia ina mfano wa upande wa pili. Mwaka 1824 jijini London, kundi dogo la watu lilikutana na kuanzisha chama cha kuwatetea wanyama wanaoteswa. Aliyewaita alikuwa kasisi, Arthur Broome. Miongoni mwao walikuwamo William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, watu walewale waliopigana Bungeni miaka na miaka kukomesha biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Sheria ya kukomesha utumwa katika himaya ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833, na Buxton ndiye aliyekuwa mstari wa mbele Bungeni. Huruma yao kwa farasi na ng'ombe haikuwasahaulisha Mwafrika aliyefungwa minyororo. Kasisi Broome yeye alifungwa jela kwa ajili ya madeni ya chama hicho. Hakuwa tajiri anayetafuta cha kufanya na pesa zake.

Basi kuna watu wawili: mmoja anampenda mbwa na kumdharau mtu, mwingine anawahurumia wote wawili. Tofauti yao haiko kwa mbwa.

Neno linasema nini

Nilirudi kwa Biblia, maana hisia zangu si msingi. Nilikutana kwanza na Mithali 12:10. Sulemani anasema kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Ona mahali jambo hilo limewekwa: limehesabiwa ndani ya haki, wala halikuachwa liwe burudani ya mtu mwenye nafasi.

Halafu 2 Samweli 12. Nabii Nathani alipotaka kuuvunja moyo wa Daudi, alimpa habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyemlea pamoja na watoto wake, akamlisha chakula chake mwenyewe na kumlaza kifuani kama binti. Tajiri akamchukua, akamchinja. Daudi hakusema, "Si ni kondoo tu?" Alikasirika mpaka akataka mtu yule afe. Nathani alitegemea kwamba mtu yeyote mwenye moyo angeelewa uchungu wa yule maskini. Mungu hakuona haya kuutumia uchungu huo kumrudisha mfalme kwenye toba.

Katika Hesabu 22 malaika anamuuliza Balaamu kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Katika Yona 4, Mungu anapotaja sababu za kuihurumia Ninawi, anataja watu zaidi ya 120,000, kisha anaongeza kwamba kulikuwa na wanyama wengi pia. Nabii alitaka mji wote uangamie. Mungu alikuwa amehesabu mpaka mifugo.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini dada, Ufunuo 22:15 inasema mbwa wako nje ya mji." Kweli. Soma aya yote: pamoja nao wametajwa wachawi, wauaji, wanaoabudu sanamu na wanaopenda uongo. Ni watu na matendo yao wanaozungumziwa. Kama unataka mbwa mwenyewe katika Agano Jipya, nenda Luka 16. Lazaro amelala mlangoni pa tajiri, ana vidonda, ana njaa. Tajiri alipita hapo kila siku. Waliomkaribia Lazaro walikuwa mbwa, wakamlamba vidonda. Mimi nikisoma hapo naona aibu. Viumbe ambao Wayahudi waliwaona najisi walimkaribia mtu ambaye tajiri wa zambarau hakumkaribia.

Na mtume Paulo, Warumi 8:19 hadi 22, anasema viumbe vyote vinaugua kwa pamoja vikingoja ukombozi. John Wesley, yule mhubiri wa uamsho wa karne ya 18, alichukua maneno hayo akaandaa hubiri zima kuhusu wanyama, akifundisha kwamba wao pia watakombolewa na uharibifu. Kwa hiyo mshirika asidhani kwamba habari hii imeletwa juzi na watu wa mitandao.

Saa 10 usiku

Sasa nije kwa lililonibadilisha.

Mbwa mwenye ugonjwa wa figo haangalii saa. Kila usiku, mnamo saa 10, Simba alikwaruza mlango polepole, akiomba kutoka. Naamka, nafungua, nasimama barazani na khanga mabegani nikimngoja. Mara nyingi alihitaji msaada kupanda ngazi mbili za kurudi ndani.

Usiku mmoja nikiwa nimesimama pale, baridi inauma, nilisema moyoni, "Bwana, hakuna mtu mwingine aliye macho saa hii isipokuwa mimi na mgonjwa wangu." Na mara nikamkumbuka yule mama wa ushirika. Yuko wodini sasa hivi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, anahesabu pumzi za mtoto. Wiki ya tatu hiyo.

Nikajiuliza, mara ngapi nimemtembelea? Jibu lilikuwa sifuri. Nilikuwa nimemwambia "tunakuombea." Nilikuwa nimetuma shilingi 200 kwa simu. Lakini hakuna mahali popote katika mwili wangu palipoonja usiku wake, mpaka mbwa aliponitoa kitandani.

Asubuhi hiyo nilipika chai ya maziwa, nikajaza thermosi, nikachukua na viazi vitamu, nikapanda matatu. Nilimkuta vile nilivyowaza. Hatukuzungumza sana. Nilikaa na mtoto saa 2, mama akaenda kuoga na kulala kidogo kwenye benchi. Nilirudi tena Alhamisi, na tena Jumamosi. Sare zilichelewa, wateja wawili wakanikasirikia.

Wapendwa, hili ndilo ninalotaka mlibebe mwende nalo nyumbani. Nilidhani huruma ni kama unga ndani ya debe: nikimpimia mbwa kikombe kimoja, kuna binadamu atalala njaa. Kumbe sivyo. Huruma yangu kwa watu ilikuwa imelala siku nyingi, na haikulazwa na mbwa. Ilikuwa imelazwa na shughuli, na mazoea, na lile neno "tunakuombea" tunalolisema tukiwa tumeshafika mlangoni. Kiumbe asiyeweza hata kusema anaumwa wapi ndiye aliyeiamsha.

Lakini pesa ni unga ndani ya debe

Naomba mtu asinielewe vibaya. Huruma haiishi, lakini pesa inaisha, na hapo mwenye haki lazima atumie akili.

Mimi na mume wangu tulikaa chini tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, karo haiguswi. Pili, hatukopi kwenye chama kwa ajili ya matibabu haya, wala hatuli fungu la kumi. Tatu, tunachoweza kutoa tunakitoa bila kunung'unika na bila kuwaficha watoto. Kulikuwa na kipimo kingine ambacho daktari alitaja, na rufaa ya kwenda Nairobi. Tulimwambia ukweli kwamba hatuwezi. Hakutudharau. Alisema matunzo ya nyumbani, yakifanywa kwa uaminifu, yanampa mnyama faraja kubwa.

Ilikuwa ngumu kusema "hatuwezi." Lakini nimejifunza kwamba kuna hatia ya kweli na hatia ya uongo. Ukiwa na uwezo ukamwacha mnyama wako aoze na vidonda, hiyo ni hatia ya kweli, na hata sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakuhesabia kosa. Ukifanya yote unayoweza kisha ukafika mwisho wa mkono wako, hapo huna hatia. Umefika mwisho wa mkono tu. Shetani anapenda kutuchanganya hapo, na si kwa wanyama peke yake. Wangapi kati yetu bado tunajishtaki kwa ajili ya mzazi tuliyemuuguza na pesa zikaisha?

Nilikuwa namwombea nani?

Wiki ya mwisho Simba hakuweza kusimama. Wali hakuutaka, maji aliyatapika. Daktari akaja nyumbani akasema kwa upole kwamba dripu haisaidii tena, na kwamba angeweza kumchoma sindano ya kumlaza, asiteseke.

Nilikataa. Nikasema, "Mimi naamini Mungu wa miujiza." Nikafunga siku 2. Nilimwekea mikono. Sitanii, nilimwekea mikono mbwa jikoni kwangu, nikakemea.

Usiku wa pili alilia. Simba hakuwa mbwa wa kulia. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka 9, aliamka akaja akakaa sakafuni kando yangu. Akaniuliza, "Mama, unamwombea Simba ama unajiombea wewe?"

Sikuwa na jibu. Maana kweli, kama ningemwombea Simba, ningeomba apumzike. Mimi niliomba asiniache. Niliomba nisiwe mtu wa kutembea peke yangu Ijumaa usiku. Nilikuwa nimefunika hofu yangu kwa shuka la imani, na aliyekuwa akilipa gharama ni yule aliyelala sakafuni.

Naamini Mungu huponya. Nimeona akiponya katika kanisa hili. Lakini imani haituruhusu kumfanya mwingine ateseke ili sisi tusione uchungu wa kuachana. Na nieleze wazi ili asiwepo wa kupotosha: ninazungumza juu ya mnyama. Uhai wa binadamu uko mikononi mwa Mungu aliyemuumba kwa mfano wake, na sisi hatuna ruhusa ya kuukatisha. Mnyama Mungu alimweka chini ya mkono wetu, Mwanzo 1:28, na mkono huo utaulizwa ulimtendea nini, mpaka siku ya mwisho wake.

Asubuhi nilimpigia daktari. Alikuja saa 3. Nilimshika Simba kichwa, mtoto akamshika mguu. Haikuchukua muda. Mume wangu alichimba kaburi nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, nami nikamfunika na kile kitambaa kilichoangukiwa na machozi, maana sikukiuza.

Jioni hiyo mtu alibisha hodi. Alikuwa yule mama. Mtoto wake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini siku 2 kabla. Nilijifuta macho haraka, nikijiandaa kumdanganya tena. Akaniambia, "Nimesikia habari za Simba. Pole sana, dada." Akaweka thermosi yangu mezani. Ilikuwa na chai ndani. Tukakaa.

Huyo ndiye mtu niliyeogopa angenicheka.

Tufanye nini basi?

Kama una mnyama, mtunze kama mtu atakayetoa hesabu. Mpe maji safi. Usimfunge mnyororo mchana na usiku. Mpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, maana karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo huambukizwa na mbwa, na nchi yetu imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030. Hapo kumtunza mbwa ni kumlinda mtoto wa jirani.

Kama una mfanyakazi nyumbani, angalia sahani yake kabla ya kuangalia ya mbwa. Baba yangu bado ana haki hapo.

Kama kuna mtu ushirikani anayelia kwa jambo unaloliona dogo, usipime machozi yake kwa kikombe chako. Na kama wewe ndiwe unayelia, usiwadanganye watu wa Mungu kama nilivyofanya. Sema. Baba yetu wa mbinguni, ambaye shomoro haanguki bila yeye kujua, hatashangaa.

Mtoto wangu aliniuliza kama Simba yuko mbinguni. Nilimsomea Warumi 8, nikamwambia kwamba Mungu hatupi kitu alichokiumba kwa upendo, na mengine tumwachie yeye. Aliridhika kuliko mimi.

Ijumaa iliyopita nilikuja kesha. Nilitembea na yule mama. Siku hizi tunasindikizana. Tulipofika langoni, mlinzi akaangalia nyuma yangu kwa mazoea, kisha akanyamaza, akatufungulia.

Maswali ya kujadili ushirikani:
1. Ni nani ambaye umemwambia "tunakuombea" mwezi huu na hujakwenda kumwona?
2. Je, kuna ombi ambalo umelificha kwa kuogopa kuchekwa? Kwa nini?
3. Tutajuaje kama tunamwombea mgonjwa au tunajiombea wenyewe?

Tuombe: Bwana Mungu, uliyewakumbuka watu wa Ninawi na mifugo yao, tupe moyo usiochagua wa kumhurumia. Utufundishe kutumia kidogo tulicho nacho kwa haki, na kuachilia tunapofika mwisho wa mkono wetu. Utuamshe usiku kwa ajili ya walio macho. Katika jina la Yesu, amina.